Filamu fupi tatu za mapenzi ya kwanza: ipi uanze nayo

Mapenzi ya kwanza hayahitaji muvi ya saa mbili. Kijana anagundua anampenda nani, kisha anahangaika watu wasijue. Akiwa amempenda wa jinsia yake, mahangaiko hayo huwa makubwa kuliko penzi lenyewe, na filamu fupi huyaeleza vizuri kwa sababu haina nafasi ya kuhubiri.

Anza na In a Heartbeat. Ni katuni ya dakika 4 hivi, iliyotoka Julai 31, 2017, kazi ya kuhitimu ya Esteban Bravo na Beth David, wanafunzi wa Ringling College of Art and Design huko Florida, Marekani. Haina neno hata moja, kwa hiyo hakuna haja ya DJ wa kutafsiri. Sherwin anajificha kumtazama Jonathan, anayepita akisoma kitabu na kurusharusha tofaa. Ghafla moyo wa Sherwin unachomoka kifuani na kumkimbilia Jonathan, na mwenyewe anaanza kuukimbiza kabla haujamuumbua.

Angalia kwa makini wanapoingia shuleni. Moyo umemng'ang'ania Jonathan, Sherwin anauvuta, na mara wanajikuta katikati ya wanafunzi wenzao. Hakuna anayetukana wala kupiga, wanatazama tu. Sherwin anazidi kuvuta mpaka moyo unapasuka vipande viwili, kimoja kinabaki kwa Jonathan. Aliyeuvunja ni mwenyewe, kwa kuogopa macho ya watu. Ukikaa nyumba ya kupanga ya Chang'ombe au Ng'ong'ona hapa Dodoma, ua mmoja na bomba moja, macho hayo unayajua. Kasoro ipo: Jonathan hajapewa tabia yoyote zaidi ya uzuri, na suluhu inakuja haraka mno.

Ipo YouTube. Kwa ubora wa 480p itakula takriban MB 30. Vaa hedifoni, kwani muziki wa Arturo Cardelús ndio unaoshika nafasi ya mazungumzo, na spika ndogo ya simu hukata sauti zote nzito. Jambo la muhimu zaidi: zima historia ya kutazama kabla hujabonyeza. Ukisahau, YouTube itaanza kupendekeza filamu za namna hiyo kwenye ukurasa wa mbele, na simu ya nyumbani hushikwa na wengi. Wala usiipeleke kibanda umiza. Maonyesho ya hadhara yanahitaji kibali cha Bodi ya Filamu, na kwa nchi ambayo kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, kinachokataza ngono “kinyume cha maumbile”, kinafika hadi kifungo cha maisha, kibali hicho usikitarajie.

Iliyo bora kuliko zote, kwa maoni yetu, ni Eu Não Quero Voltar Sozinho ya Daniel Ribeiro wa Brazili, ya mwaka 2010, dakika 17. Leonardo ni mwanafunzi asiyeona. Giovana, rafiki yake, humsindikiza nyumbani kila siku, mpaka anapokuja mwanafunzi mgeni, Gabriel. Mwongozaji hakutumia upofu kutafuta huruma. Ameutumia kuondoa kile ambacho filamu nyingi za mapenzi hukitegemea, yaani kutazamana. Kinachobaki ni sauti, mkono begani na harufu ya sweta ambalo Gabriel amelisahau. Leonardo analinusa akiwa peke yake chumbani, na mtazamaji anajua kila kitu kabla hajamwambia mtu. Giovana naye anaumia, na filamu inampa haki yake ya kuumia. Mazungumzo ni Kireno chenye maandishi ya Kiingereza chini, sentensi fupifupi. Kiingereza cha kidato cha nne kinatosha. Tenga MB 130 hivi. Mwaka 2014 Ribeiro aliirefusha ikawa filamu kamili na waigizaji walewale, lakini hii fupi ndiyo yenye makali.

Ya tatu ni ya jirani. Stories of Our Lives ya Jim Chuchu na kundi la The Nest la Nairobi, 2014, ni filamu fupi tano zilizounganishwa kwa saa moja, nyeusi na nyeupe, zilizotokana na simulizi za Wakenya wenyewe. Ilionyeshwa kwenye tamasha la filamu la Toronto Septemba, na Oktoba ikapigwa marufuku Kenya. Mwaka uliofuata ikapata tuzo ya majaji ya Teddy, tuzo za filamu za watu wa jinsia moja wanaopendana na wenzao, kwenye tamasha la filamu la Berlin. Hazilingani ubora. Ile ya mwisho, Each Night I Dream, inasimulia sana na kuonyesha kidogo. Lakini Athman, ya wafanyakazi wawili wa shambani ambao ni marafiki wa siku nyingi, na mmoja ameshindwa kunyamaza, inauma kwa sababu mazungumzo yake ni ya kawaida kabisa. Ask Me Nicely, ya msichana wa shule, ndiyo inayokaribia zaidi mapenzi ya kwanza. Itazame usiku: picha zake zina vivuli vingi, na jua la mchana la Dodoma litakuachia kioo cheusi hata ukipandisha mwanga wote.

Kwa anayetaka kuandika filamu fupi yake mwenyewe, afute kwanza hotuba ya mama, kisha kifo cha mwishoni. Hivyo viwili ndivyo vinavyoharibu hadithi nyingi za namna hii, kwa kuwa mwandishi anaogopa kumwacha kijana wake akiwa na furaha. Achague kitu kimoja kinachoshikika, kama lile sweta, akifuatilie tangu kinaposahaulika hadi kinapochukuliwa, na hadithi isizidi kurasa 8.