Elfu 30 yangu ya tuisheni na mtumbwi wa mita 3

Naandika hii nikiwa bado na hasira, mnisamehe. Kuna kituo cha tuisheni hapa Dodoma mjini, jina siweki, wanaosoma pale watajijua. Nimelipa 30,000 ya mwezi kwa mada moja tu, momenta (yaani tungamo mara kasi) na kitovu cha tungamo (ile nukta ya wastani ambapo uzito wote ni kama umekusanyika), maana narisiti fizikia ya fomu siksi na mara ya kwanza hiyo mada ndiyo iliyonimaliza. Mambo ya ratiba na madawati kaulizeni wenyewe getini, mimi naongelea swali moja na jioni moja.

Ni juzi kati tu hapa, vumbi la kiangazi limetanda, darasa limejaa mpaka wengine wamekaa dirishani. Ticha akaandika ubaoni: mtu wa kilo 60 amesimama mwisho mmoja wa mtumbwi wa kilo 120, urefu mita 3, maji yametulia, mtumbwi haujafungwa popote, akitembea mpaka mwisho wa pili mtumbwi utasogea kiasi gani? Nikachangamka kweli, kwa sababu nimekulia Mtera, mjomba ni mvuvi wa bwawani, na tangu mdogo najua ukitoka nyuma ya mtumbwi kwenda mbele kuchukua wavu, mtumbwi unarudi nyuma chini ya miguu yako, unaona kabisa ule mti wa ufukweni uliokuwa usawa wako unakuacha polepole.

Ticha akachukua 60 mara 3, akagawa kwa 120, akapata mita 1.5, akapiga mistari miwili chini yake. "Andikeni."

Nikanyoosha mkono. Nikasema kwa heshima zote, ticha samahani, zile mita 3 ni urefu wa mtumbwi, siyo umbali aliosogea ukimpima kutoka ufukweni, maana yeye akienda mbele mtumbwi nao unambeba kurudi nyuma. Kama kasogea mbele mita 3 na mtumbwi umerudi mita 1.5 basi juu ya mtumbwi katembea mita 4.5, na mtumbwi wenyewe una mita 3, huyo mtu si ameshaingia majini? Darasa likacheka. Sikusema ili wacheke. Ticha akageuka, chaki mkononi, akaniangalia kuanzia kichwani mpaka kwenye ndala, akasema, "Wewe binti, umelipa ada ya kufundisha au ya kufundishwa?" Halafu akaongezea, "Ndiyo maana unarisiti."

Masikio yaliwaka moto, na wote waliokuwa mle ni wadogo zangu.

Na kinachoniuma zaidi swali lenyewe halina ugumu wowote ukishajua pa kushika. Ukipuuza msuguano wa maji, hakuna nguvu ya nje inayosukuma kwa ulalo, mtu na mtumbwi walianza wametulia, kwa hiyo momenta yao kwa pamoja ni sifuri na itabaki sifuri, maana yake kitovu cha tungamo chao wote wawili hakitoki pale kilipo hata jamaa atembee au akimbie. Mtumbwi ukirudi x, mtu kaenda mbele 3 toa x. 60 mara hiyo 3 toa x iwe sawa na 120x. Inatoka mita 1. Mtu kasogea mita 2, mtumbwi mita 1, ukijumlisha unapata 3 yako, basi. Mistari minne!

Hapo nilitaka kuwaambia msikanyage pale kabisa. Lakini siwezi kusema uongo. Kuna kaka mmoja anasahihisha mazoezi, alinikuta nimekaa nje kwenye ngazi, hakuniuliza kwa nini nalia, akachora mabehewa kwenye daftari langu. Behewa la tani 20 linakuja kwa mita 3 kwa sekunde, linagonga la tani 40 lililosimama, yanashikana. 20 mara 3 ni 60, gawa kwa tani 60, yanaondoka pamoja kwa mita 1 kwa sekunde. Akaniambia haya, sasa piga nishati ya mwendo. Nikapiga, nusu ya tungamo mara kasi mara kasi tena: kabla kilojuli 90, baada ya hapo kilojuli 30. Nikafuta nikidhani nimekosea. Akanishika mkono, hujakosea dada, hujawahi kusikia mabehewa yakiunganishwa pale stesheni? Ule mshindo, vyuma kupata joto, zile kilojuli 60 zilizopungua zimeishia huko, momenta ndiyo haijapungua hata kidogo. Miaka yote nilikuwa nachanganya hivyo vitu viwili. Kwa dakika zile kumi, elfu 30 yangu naona imelipa.

Hapana, nafuta hiyo kauli. Yule kaka analipwa kusahihisha siyo kufundisha, na ningekuwa sikutukanwa nisingekutana naye kwenye ngazi. Kesho yake nikaenda ofisini na daftari, nimeandika hesabu vizuri kabisa, naomba tu jibu lirekebishwe. Nikaambiwa ticha ana uzoefu, hawezi kukosea kitu kama hicho, daftari hata halikufunguliwa. Na wiki hiyohiyo wametoa pamfleti, 2,000 pale getini, nimeinunua makusudi nikaangalia, swali la mtumbwi limo, jibu mita 1.5. Kuna watoto watauingia mtihani na hiyo 1.5 kichwani.

Hela yangu siidai tena, na hata kuombwa radhi sitaki. Futeni 1.5 kwenye hiyo pamfleti, muandike 1.