Merlin, programu ya kutambua ndege: tathmini baada ya kuitumia Tsavo

Asubuhi moja karibu na Voi, kwenye ukingo wa Mbuga ya Tsavo Mashariki, nilisikia mlio wa kasi, wenye mapigo yanayojirudia bila kuchoka, ukitoka juu ya kichuguu. Aliyesimama hapo alikuwa ndege nisiyemfahamu kabisa: uso mwekundu wenye baka jeupe shavuni, kifua cha manjano kilichokatwa na utepe mweusi wa madoa meupe, na mabawa meusi yaliyotapakaa madoa kama hayo. Nilimtambua kwa msaada wa Merlin, programu ya simu iliyotengenezwa na maabara ya ndege ya Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani.

Programu hii hutolewa bure, na ukishapakua mkusanyiko wa ndege wa nchi yako hufanya kazi hata pasipo mtandao. Ipakue ungali mjini, kwani faili ni kubwa.

Kinachonivutia zaidi ni maswali yake. Huuliza umemwona ndege wapi na tarehe gani, ukubwa wake ukimlinganisha na shomoro, kunguru au bata bukini, rangi zake kuu zisizozidi tatu, na alikuwa akifanya nini. Nilichagua nyekundu, manjano na nyeusi, nikaeleza kwamba alikuwa chini na si mtini, na katika orodha iliyotokea nikamwona Trachyphonus erythrocephalus, wa jamii ya zuwakulu. Mahali na tarehe ni maswali yenye uzito, kwa sababu orodha hupangwa kwa kumbukumbu ambazo watazamaji wa ndege wenyewe wameziwasilisha katika mradi wa eBird, na hivyo ndege wasiofika Tsavo hawakupotezei muda. Sehemu ya kutambua ndege kwa picha sikuitumia sana; simu yangu haina lenzi ya kuvuta mbali.

Kutambua kwa sauti ndiko kunakodai uangalifu. Ndege hawa huimba wawili wawili, dume na jike wakipokezana kwa ukaribu kiasi kwamba sikio hudhani ni ndege mmoja, na jamaa yao mdogo, Trachyphonus darnaudii, ambaye pia ni wa manjano na madoadoa, huimba kwa kupokezana vivyo hivyo katika nyika zile zile. Kwa hiyo jina litokanalo na mlio peke yake nalichukua kuwa pendekezo, kisha nafungua rekodi zilizomo ndani ya programu na kuzisikiliza moja baada ya nyingine, nikizilinganisha na nilichorekodi mwenyewe. Ninawasihi wenzangu wazisikilize kwa vipokea sauti vya masikioni, wala wasizipige kwa nguvu porini: ndege anayelinda eneo lake huacha shughuli zake, hata kiota chake, aje kumkabili mpinzani ambaye hayupo.

Picha za programu zilinifunza jambo ambalo nisingeliona peke yangu, kwamba dume ana utosi mweusi na alama nyeusi kooni, ilhali jike hana alama hiyo na rangi zake zimefifia kidogo. Kesho yake nilirudi pale kichuguuni na darubini, nikasubiri mlio uanze, na safari hii niliwaona wote wawili wakiimba, nikijua yupi ni yupi.