Mafundi wa AC wa Mwanga, Kigoma: kuosha wanajua, muda hawajui

Nyota nne kati ya tano, hiyo moja iliyobaki ntaeleza huko chini.

Wapo Mwanga mitaa ya karibu na soko, kibanda kimejaa mafriji yaliyofunguliwa migongo, bango halina jina la duka limeandikwa tu FRIJI AC FENI na namba ya simu iliyofutika nusu, kwa hiyo ukifika maeneo hayo uliza tu wauza nyanya watakuonyesha. Vijana watatu na mzee mmoja, mzee ndo mwenye kazi.

Nilichowaitia ni AC ya chumbani, split (mashine moja ndani, moja nje) ya BTU 12,000, yaani nguvu yake ya kupoza, ya kawaida siyo inveta ile inayojipunguza kasi yenyewe. Ilikuwa inapuliza hewa ya uvuguvugu, ina harufu ya nguo zilizolala na maji, halafu inachuruzika ukutani mpaka rangi imevimba. Kabla yao alikuja fundi mwingine kabisa, huyo hata ngazi hakupanda, kasimama mlangoni kaangalia juu kasema mama hiyo gesi imeisha, andaa laki na nusu.

Sasa hii habari ya gesi imeisha naomba tuelewane wakuu, maana mji huu watu wanajaziwa gesi kila mwaka na wanashukuru. Gesi ya AC inazunguka ndani ya mabomba ya shaba yaliyofungwa, inaenda inarudi, haiungui wala hailiwi. Ikipungua maana yake kuna mahali inavuja, na kama inavuja unaziba kwanza ndo unajaza, vinginevyo unamlipa mtu aipeleke hewani. Jirani yangu kajaziwa mpaka leo hajawahi kuonyeshwa hilo tundu liko wapi.

Huyu mzee wa Mwanga alivyofika hakugusa geji ya kupimia presha ya gesi kwanza. Aliwasha, akaweka kipimajoto kidogo pale hewa inapotokea, chumba nyuzi 29, hewa inatoka na 24. Akasema ikiwa nzima tofauti inatakiwa iwe nyuzi nane mpaka kumi na mbili hivi, hii tano siyo AC ni feni ya bei mbaya. Kisha akafungua kifuniko akamulika na simu, akaniita, "Mama njoo uone, gesi yako ipo, uchafu ndo umejaa."

Jamani. Lile gurudumu refu linalopuliza hewa lilikuwa na ukungu mweusi umeganda kwenye kila jani, na ndo hewa tunayovuta usiku kucha tumefunga madirisha. Mashine ya nje sasa ndo usiseme, kazi yake ni kama rejeta ya gari, kutupa nje lile joto lililotolewa chumbani, na ili ilitupe lazima upepo upite katikati ya vile vibati vyembamba vya alumini. Vyangu vilikuwa vimezibwa na vumbi jekundu la kiangazi limechanganyika na manyoya ya kuku sijui ya nani. Joto halitoki, kompresa (ile pampu ya kusukuma gesi) haipumziki, chumba hakipoi. Na hapo ndo pesa inapoenda, maana AC kama hii ikizunguka bila kukata inakula karibu unit moja kwa saa, ukilala nayo masaa nane ni unit kama nane, na luku ya elfu kumi inatoa unit 28 hivi. Piga hesabu, haimalizi usiku wa nne. Wenyeji wanakumbuka enzi za jenereta za mafuta hapa Kigoma, zilivyozimwa gridi ya taifa ilipofika wengi tukanunua AC, ila elimu ya kuziosha haikuja kwenye boksi.

Kazi yenyewe walifanyaje. Walizima swichi kuu kwanza, siyo rimoti tu. Kitanda wakafunika na turubai, chini ya mashine wakafunga mfuko mkubwa wa nailoni wenye mpira wa kushusha maji kwenye ndoo, yaani ukutani halikumwagika tone. Ubao wa umeme wa ndani ya AC wakauzungushia plastiki. Wakapulizia dawa ya povu wakaiacha ikae, halafu wakasuuza na bomba la mkono lile la kupulizia dawa shambani. Niliuliza kama hilo bomba halijawahi kupulizia maharage ya mtu, kijana akacheka akasema hili ni la AC tu, na kweli lilikuwa jipya. Maji yaliyotoka ni meusi kama nini, ndoo ya kwanza, ya pili, ya tatu ndo yakaanza kung'aa.

Nje walifungua kifuniko cha juu wakapiga maji kutokea ndani kwenda nje, ili uchafu urudi ulikoingilia badala ya kusukumwa katikati. Hapa nilitaka waite vijana wa kuosha magari na mashine yao ya presha tumalize haraka, mzee akakataa katakata. Vile vibati vinalala ukivipiga na presha kubwa, vikilala upepo haupiti tena, na unakuwa umelipia kuharibu. Vilivyokuwa vimelala tayari alivinyoosha kimoja kimoja na kichana cha chuma. Hii ilichukua muda lakini ndo sehemu niliyompenda, alikaa juani kajifunika taulo kichwani anachana AC.

Maji ya ukutani yalikuwa kitu kidogo tu, mpira wa kutolea maji umejaa ute. Wakauvuta kwa kuunyonya na kimashine, ukatoka utelezi mrefu unaotisha, basi.

Mwisho ndo akaunga geji na klampu ya kupima ampea. Presha iko sawa, hakuongeza kitu. Akanionyesha na kibandiko cha ubavuni kilichoandikwa R410A, ndo aina ya gesi, akasema hiyo ni mchanganyiko wa gesi mbili kwa hiyo mtu akija kukujazia ahakikishe mtungi unatoa ya maji maji na anapima kwa mzani, na kama mfumo ulifunguliwa lazima avute hewa yote kwa pampu ya vakyumu kabla. Za zamani ni R22, hizo zinaondolewa duniani kwa sababu zinaharibu tabaka la ozoni linalotukinga na jua, kwa mkataba wa Montreal wa 1987, na hata hii yangu nayo zamu yake inakuja kwa sababu ya kupasha dunia joto, marekebisho ya mkataba huo ya 2016 yalipitishwa hapo jirani tu Kigali. Mpya nyingi zinakuja na R32, ambayo inaweza kushika moto kidogo, kwa hiyo fundi anayevuta sigara huku kashika mtungi mkimbize.

Kipimajoto tena, chumba 29, hewa inatoka na 17. Harufu hakuna. Sasa hivi naweka 24 na usiku naisikia inakata yenyewe.

Bei elfu 45 kwa mashine moja, dawa ya povu humo humo. Kuna wa elfu 20 mjini, lakini wale wanafuta filta na kitambaa wanaondoka, na filta hata mwanao anaweza kuziosha, unazichomoa unasuuza na maji ya bomba unaanika kivulini, kiangazi kama hiki fanya kila baada ya wiki mbili. Huu uoshaji mkubwa mzee anasema mara moja kwa mwaka inatosha, mbili kama nyumba iko barabara ya vumbi.

Kasoro sasa. Muda. Wakikwambia saa tatu asubuhi wewe nenda kapike, kafue, katembelee wagonjwa hospitali ya Maweni urudi, ndo utawakuta wanateremka kwenye bodaboda. Simu hawapokei wakiwa kazini. Risiti ukitaka uisemee mapema, wanaandika kwa mkono, na garantii ni ya mdomo tu. Pia wale vijana wakiwa bila mzee hawachani vibati, dada yangu wa Katubuka walimwendea peke yao, wakaosha vizuri tu lakini vilivyolala wakaviacha vilale.

Kwa hiyo ukienda sema unamtaka mzee mwenyewe. Ijumaa mchana wamefunga wanaswali. Malipo taslimu au kwa simu, na kama AC yako ya nje iko ghorofani waambie kabisa siku ya kuongea, ngazi yao ni fupi, wataanza kuuliza majirani.