Karabini ya milimita 9 kwa mashindano: anza na uzito wa bolti

Hii ni tathmini ya karabini ya risasi za bastola niliyoiunganisha kwa vipande vya dukani, kwa ajili ya kitengo cha PCC, yaani karabini za risasi za bastola, katika mashindano ya kupiga shabaha ya chama cha USPSA hapa Marekani. Ni ya mtindo wa AR (muundo wa AR-15), inakula magazini za Glock, na mtutu wake ni inchi 16, maana bunduki yenye kitako ikiwa na mtutu mfupi kuliko hapo sheria ya shirikisho inataka isajiliwe kwa utaratibu wake maalumu. Sasa imeshapiga risasi kama 6,000, na yafuatayo ndiyo ninayoweza kuyasimamia.

Wengi wakianza kujenga hukimbilia kompensata ya bei (kifaa cha mdomo wa mtutu kinachoelekeza gesi ili kupunguza mruko) na mtutu wa bei. Kwa karabini hii fedha hizo zinakwenda pasipohitajika. Hakuna kufuli inayoshika bolti, kile chuma kinachoziba nyuma ya chemba, wakati risasi inalipuka. Kinachoichelewesha kufunguka ni uzito wake pamoja na uzito wa bafa, kile kipande kinachoteleza nyuma yake ndani ya bomba la kitako, basi. Ukikosea uzito huo, hata kishikio cha mbele cha kaboni hakitakuokoa.

Uzito ukiwa mdogo, bolti hufunguka presha ikiwa bado juu. Dalili yake ni maganda yaliyovimba karibu na kitako chake, masizi mengi juu ya shaba, na moshi unaokurudia usoni. Ukiyaona hayo acha kupiga siku hiyo hiyo, kwa sababu ganda linaweza kupasuka. Uzito ukizidi, bolti hurudi kwa uvivu na ganda linanasa mlangoni likiwa limesimama wima. Tena ile chuma nzito ikirudi mbele hugonga kwa kishindo kinachoidondosha nukta nyekundu ya kioo cha kulengea chini ya shabaha kabla hujapiga risasi ya pili. Bolti yangu ina aunsi 14 na nusu. Nilipoiwekea bafa ya aunsi 8, risasi za kiwandani zenye vichwa vya greini 115 (greini ni kipimo cha uzito) zilikwenda vizuri, lakini zile laini za greini 147 ninazojaza mwenyewe zilinasa mara moja au mbili katika kila magazini. Kwa bafa ya aunsi 5 na nusu, jumla aunsi 20, zote zinapita na nukta inarudi mahali pake. Kama unatumia risasi za kiwandani peke yake, bafa nzito kidogo haitakudhuru.

Jambo la pili ni urefu wa mwendo wa bolti, na hapa ndipo vipande vingi huvunjika. AR iliundwa kwa risasi ndefu ya 5.56. Risasi ya milimita 9 ni fupi, kwa hiyo bolti ikipewa mwendo wote wa bomba la kitako inapita mbali sana nyuma ya kizuizi cha bolti, kile kinachoishika nyuma magazini ikiwa tupu, kisha magazini ikiisha inakipiga kizuizi hicho ikiwa imeshashika kasi. Matokeo ni kizuizi kilichokatika. Ili kupima, hakikisha bunduki ni tupu, magazini imetolewa na chemba imekaguliwa kwa jicho na kwa kidole. Vuta bolti mpaka mwisho, utazame pengo kati ya uso wake na kizuizi. Likizidi robo inchi, punguza mwendo. Bafa ya kawaida ya karabini ina inchi 3 na robo, na ziko bafa ndefu za karibu inchi 4 zilizotengenezwa kwa ajili ya milimita 9. Njia ya bei rahisi ni kuweka sarafu za robo dola ndani ya bomba, nyuma ya springi. Sarafu moja ina unene wa milimita 1.75, hivyo nne zinapunguza mwendo kwa milimita 7. Ongeza moja moja, na kila mara jaribu magazini tupu uone kama bolti bado inashikwa nyuma. Ukizidisha haitashikwa, au itarudi mbele bila kuchukua risasi mpya. Binafsi nimebaki na bafa ndefu, kwa sababu sarafu zinalia ndani ya bomba na sizipendi.

Springi ya kawaida ya karabini inatosha. Ikiwa nzima, urefu wake nje ya bunduki ni kati ya inchi 10 na inchi 11 na robo. Ninaipima kila risasi 2,000 na ikishuka chini ya 10 naitupa, maana bei yake ni ndogo kuliko ada ya kuingia shindano moja. Zile springi zilizofungwa kwenye fimbo ni kimya na laini, ila bei yake ni mara kadhaa, na tofauti kwenye saa ya kupimia muda sikuiona. Bafa ya haidroliki niliiona inafaa zaidi. Inameza kile kishindo cha mwisho wa mwendo, na nukta hutulia. Ila ikaguliwe: ukiona mafuta ndani ya bomba ambayo hukuyaweka wewe, imeanza kuvuja.

Kuhusu risasi, kumbuka kwamba kitengo hiki chote huhesabiwa kwa kiwango cha chini cha nguvu. Hata upige risasi kali namna gani, eneo la C la shabaha litabaki pointi 3 na la D pointi 1. Kinachotakiwa ni kufika 125 tu: uzito wa kichwa cha risasi kwa greini, zidisha kwa kasi ya futi kwa sekunde, gawanya kwa 1,000. Greini 147 kwa futi 900 inakupa 132, na hapo ndipo ninapokaa. Usijibane kwenye 126, kwani asubuhi ya baridi kasi inaweza kushuka, na ukipimwa chini ya 125 utapiga shindano zima bila alama. Mtutu mrefu huongeza kasi ukilinganisha na bastola, kwa hiyo usitegemee vipimo vya bastola, pima kwenye karabini yenyewe. Kwa wanaojaza wenyewe, tenganisha bodi ya juu, toa bolti, elekeza mtutu chini, dondosha risasi kwenye chemba: iingie kwa uzito wake, izunguke kwa urahisi, itoke yenyewe ukiugeuza mtutu. Isipozunguka, kichwa kinagusa mifereji ya mtutu. Kisukume ndani kidogo, kisha urudie kipimo cha kasi, kwa sababu presha nayo inapanda.

Kifyatulio kisikupumbaze. Bolti ya mfumo huu huirudisha nyundo kwa nguvu nyingi kuliko AR ya kawaida, na pini mbili zinazoshika nyundo na kifyatulio huchakaa au hutembea kutoka mahali pake. Weka pini zinazofungwa ili zisizunguke, na chagua kifyatulio ambacho mtengenezaji wake anasema wazi kinafaa kwa karabini za milimita 9. Springi nyepesi za nyundo siziweki. Fataki za baadhi ya risasi, zile zinazogongwa ili kuwasha baruti, ni ngumu, na risasi moja isiyolipuka katikati ya hatua (zoezi moja la shindano) inakula sekunde nyingi kuliko ulaini wote wa kifyatulio.

Magazini za Glock nazo zina jambo lake. Kipande kinachotupa ganda nje hakipo kwenye bolti, kimefungwa kwa skrubu ndani ya bodi ya chini, na skrubu hiyo hulegea kwa mitetemo. Maganda yakianza kutoka bila mpangilio, mengine mbele na mengine juu, kamata skrubu hiyo kwanza kabla ya kulaumu kulabu inayovuta ganda kutoka kwenye chemba au springi. Isafishe kwa spiriti, tia tone la gundi ya kushikiza nyuzi za skrubu, ile inayofunguka, kaza, chora mstari wa rangi ili kesho uone kama imezunguka. Skrubu za kioo cha nukta nyekundu nazo zifanyiwe hivyo hivyo. Magazini zipe namba. Inayonasa mara mbili inakwenda kwenye mazoezi, haingii tena shindanoni. Na zikianguka kwenye vumbi, pitisha brashi ndani yake kabla ya hatua inayofuata.

Nukta nyekundu ya AR hukaa karibu inchi 2 na nusu juu ya mtutu, na wapiga bastola wanaohamia huku huusahau umbali huo. Ukiwa umeirekebisha risasi ipige penye nukta kwa yadi 25, kwenye yadi 5 risasi hupiga kama inchi 2 chini ya nukta, na kwenye yadi 50 hupiga karibu na nukta yenyewe. Eneo la A la kichwa cha shabaha lina kimo cha inchi 2. Kwa hiyo mbele ya shabaha ya karibu iliyofunikwa kwa sehemu na shabaha isiyoruhusiwa kupigwa, weka nukta kwenye ukingo wa juu, la sivyo utapata adhabu huku ukiapa kwamba nukta ilikuwa katikati.

Kompensata kwenye mtutu wa inchi 16 haina gesi ya kutosha kufanya kazi, hasa kwa greini 147. Kinachosaidia mbele ni wepesi, hivyo mtutu mwembamba ni bora kuliko mnene wenye kompensata.

Usafi ni wa mara kwa mara, kwa sababu mfumo huu humwaga masizi ndani ya bodi kuliko ule wa gesi. Kila risasi 500 ninafuta uso wa bolti, ninasugua chini ya kulabu kwa mswaki mkavu, ninapuliza sehemu ya kifyatulio. Mafuta ni matone machache kwenye mbavu za bolti na mkiani, pale inapoirudisha nyundo. Grisi nyingi hugeuka uji mweusi ikichanganyika na masizi, na ndiyo inayoifanya bolti isifunge vizuri kwenye risasi ya kwanza. Mtutu wenyewe naugusa mara chache.

Kwenye begi la shindano kuna kizuizi cha bolti cha akiba, kulabu na springi yake, springi moja ya bafa, ufunguo wa skrubu, na bendera mbili za chemba. Bendera ni lazima iwe ndani ya chemba wakati wote karabini inapobebwa kati ya hatua, nayo huanguka kwenye nyasi kirahisi sana.