Nimeliunganisha Gereza la Kilwa: Modeli ya Mbao ya Shilingi 65,000

Karibuni tena, ndugu zangu. Leo tuko barazani kwangu Makole, upepo wa Dodoma mnausikia wenyewe, ndiyo maana modeli nimeizungushia matofali. Mambo ya kufungua boksi, gundi na msasa mliyaona juzi, siyarudii. Hili hapa, Gereza la Kilwa Kisiwani, limekamilika.

Sisi wa hapa ukitutajia gereza tunawaza jela ya Isanga. Kilwa, gereza ni ngome pale ufukweni, na neno lenyewe limetokana na igreja ya Kireno, yaani kanisa. Kanisa, ngome, jela, neno moja! Nimelisema maisha yangu yote bila kujua limetoka wapi.

Sasa sogea, kamera, sogea kabisa. Hizi kuta nyeupe nazishika pembe mbili, navuta taratibu, taratibu... zimetoka! Zote kwa pamoja! Ngoja nirudishe. Sikilizeni inavyokaa: tak. Navuta tena. Chini umebaki msingi mweusi, mnauona? Huo mweusi ni Mreno. Julai 1505 Francisco de Almeida alikuja na meli zake, akauteka mji, mtawala wa Kilwa, Amir Ibrahim, akakimbia, na ngome ikaanza kujengwa. Walikuwa wanaitaka biashara ya dhahabu ya Sofala, kule pwani ya Msumbiji ya leo. Vasco da Gama alishamtoza mfalme wa Kilwa dhahabu tangu 1502, na dhahabu hiyo ikatengenezwa chombo cha kanisani, kilikamilika 1506, mpaka leo kiko Lisbon. Dhahabu ya Kilwa hiyo, jamani! Na ngome yenyewe? Mwaka 1512 wakaiacha. Miaka 7 tu.

Narudisha kuta nyeupe, tak. Hizi ni za Waomani, kwenye mwaka 1800 hivi. Katikati hapo zimepita karibu miaka 300, na mimi nazivuka kwa vidole viwili. Ukienda Kilwa ukapiga picha ya Gereza, sehemu kubwa unayoipiga ni kazi ya Waomani. Mtoto wa darasa la nne akilivuta mara moja hili, ameelewa.

Ndiyo maana lebo yake imeniudhi. Fundi kaipanga historia vizuri namna hii, halafu mbele kabandika "Ngome ya Wareno 1505", basi. Hapana! Nimeibandua kwa wembe, mnaona alama.

Upande wa bahari ukuta umevunjika. Usiku ule nilitafuta kipande mpaka chini ya kochi, kumbe ni makusudi, kwa sababu mawimbi yameula ufuo kweli. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yako Urithi wa Dunia tangu 1981, na kuanzia 2004 hadi 2014 yalikuwa kwenye orodha ya yaliyo hatarini. Fundi angeweza kuujaliza ukuta. Hakuujaliza, na namheshimu kwa hilo.

Mtaniuliza ile modeli ya plastiki ya Fort Jesus, ngome ya Mombasa, ya 20,000. Ni imara, haihitaji gundi, rangi safi. Lakini ni donge moja. Fort Jesus imeanzwa na Wareno 1593, Waomani wakaitwaa 1698, Waingereza wakaifanya jela hadi 1958. Yote hayo kwenye ile plastiki utayaona wapi?

Bei, juzi nilisema 65,000 ni wizi. Leo nasema ni ghali, ila ningeinunua tena. Kama una shule, changeni mnunue moja.

Na la chaneli: Ijumaa napanda SGR mpaka Dar, kisha basi hadi Kilwa Masoko, kisha boti. Hili naenda nalo. Nataka niliweke mbele ya lango lenyewe, nizivue kuta mkiwa mnaona matumbawe na chokaa halisi nyuma yake. Mwenye ndugu Masoko anayejua boti zinaondoka saa ngapi asubuhi, aniandikie hapo chini.