Halotel na mitandao mikongwe hapa Kigoma: bando gani linamfaa mtu wa kazi za ziwani

Watu wananiuliza sana hii laini ya 062, yaani Halotel, ninayopigia siku hizi ikoje, kwa hiyo naandika yote hapa mara moja kila mtu asome. Jibu la haraka ni kwamba intaneti yangu yote nimeihamishia Halotel na nimeridhika, hela zangu nimeziacha M-Pesa kwenye laini ya zamani ya Voda na huko sihami leo wala kesho, na sababu zenyewe nyingi hazihusiani kabisa na ile GB kubwa wanayoandika kwenye mabango.

Kwanza niweke sawa hili la mtandao mpya maana hapa Mwanga mpaka Ujiji watu wanachanganya. Yas sio kampuni mpya jamani, ni Tigo ile ile, ilibadili jina Novemba 2024, Tigo Pesa ndo ikawa Mixx by Yas, namba yako ya 071 au 065 iko vile vile. Airtel ndo ile iliyokuwa Celtel ikaja ikawa Zain, halafu Airtel kuanzia 2010. Voda wako nchini toka 2000. Kati ya hao wakubwa wanne aliyekuja mwisho ni Halotel, kampuni ya Viettel kutoka Vietnam, walianza Oktoba 2015 na mpaka leo kwa wingi wa laini ni wa nne. Mtu wa Dar atasema hao sio wageni tena, ila huku kwetu kuna wateja wangu wakiona 062 hawapokei mpaka nitume meseji nijitambulishe. TTCL siigusi hapa, sijaitumia kiasi cha kuisemea.

Sasa mnielewe natumia simu kwa kazi gani, maana review ya bando bila kusema unafanya nini haimsaidii mtu. Mimi nanunua dagaa na migebuka mwaloni Kibirizi, pale maboti yanaposhusha samaki, nauza kwa watu wa Dar na Mwanza. Mteja wa Dar hanunui kwa maneno, anataka video. Kwa hiyo dagaa wakishaanikwa nachukua kiganja kimoja, nawamwaga taratibu kwenye karatasi nyeupe mbele ya kamera ili aone kama kuna mchanga unabaki chini. Waliokaushwa kwenye chanja wanaacha karatasi safi, waliokaushwa chini wanaacha vumbi na chembe za mchanga, na hiyo tofauti ndo bei yenyewe. Video kama hiyo ukiituma ikaganda asubuhi, mteja keshanunua kwa mwingine. Kwa hiyo mimi kasi ya kupakia ndo naangalia, sio ya kushusha, na matangazo karibu yote yanaongelea kushusha, muvi na miziki.

Kingine ambacho kampuni za simu zikipanga mabando Dar sidhani kama wanakifikiria ni mwezi. Mwezi wa angani namaanisha. Dagaa wa Tanganyika wanavuliwa usiku kwa taa, wanaufuata mwanga, sasa mwezi ukiwa mkali taa haifanyi kazi, maboti yanapaki na mwalo unakuwa kimya siku kadhaa mpaka giza lirudi. Hela ya huku inakuja kwa giza. Ukinunua bando la siku 30 unakuwa umelipia na zile siku za mbalamwezi ambazo huna cha kumpigia mtu video, na ukinunua la wiki vibaya, wiki yako inaangukia hapo hapo kwenye mapumziko. Ndo maana kwangu mimi swali la kwanza sio GB ngapi, swali la kwanza ni linaisha lini. Hapa mitandao yote wanauza na mabando yasiyo na muda wa kuisha, unakuta GB ni chache kuliko za wiki kwa hela ile ile na watu wanayakimbia, lakini kwa mvuvi au mchuuzi wa mwaloni piga hesabu vizuri utaona lile dogo lisiloisha ndo rahisi.

Hesabu yenyewe inafanywa hivi, na mfundishe na mwenzio. Chukua bei gawanya kwa MB. Tuseme umeambiwa GB 1 kwa 2,500, hiyo ni MB 1,024, kila MB ni kama shilingi 2.44. Mwingine akakwambia MB 350 kwa buku, hapo ni shilingi 2.86 kwa MB, yaani lile la buku linaloonekana la bei nafuu ndo ghali. TCRA, wale wasimamizi wa mawasiliano, mwaka 2021 waliweka kwamba MB ndani ya bando iuzwe kati ya shilingi 2.03 na 9.35, mnakumbuka ile Aprili 2021 mabando yalivyopanda ghafla watu wakalalamika nchi nzima mpaka yakarudishwa ya zamani. Basi hizo namba mbili ndo kipimo changu, bando likinijia karibu na 2 najua ni zuri, likikaribia 5 naliacha. Bei halisi siwaandikii hapa kwa sababu zinabadilishwa kila mara, fungua menyu ya laini yako ugawe mwenyewe.

Halafu kuna hili la ofa za mtu mmoja mmoja. Voda wana Ya Kwako Tu, Tigo walikuwa na Saizi Yako, na huo ndo mtindo wa siku hizi, mfumo unaangalia unavyonunua ndo unakupangia. Maana yake bando analosifia jirani yako linaweza lisiwepo kabisa kwenye simu yako. Mimi na mdogo wangu tunakaa nyumba moja Katubuka, mtandao mmoja, menyu tofauti. Na laini mpya ya mtandao wowote huwa inapewa ofa tamu za kukaribishwa, kwa hiyo usiihukumu kwa wiki za mwanzo, subiri ofa za ukaribisho ziishe ndo ulinganishe. Kwa upande wangu, baada ya ofa za ukaribisho kwisha, Halotel bado ilibaki na bei ya chini kwa kila MB kuliko laini zangu nyingine, na hiyo ndo sababu data iko huko. Kwako inaweza kuwa tofauti, fanya ile hesabu.

GB za usiku sasa. Mitandao inapenda kukuandikia GB nyingi kumbe nusu yake ni ya usiku wa manane mpaka alfajiri. Mwalimu au mtu wa ofisini hizo hazimfai, atalala. Ila sisi wa mwaloni usiku ndo tuko macho, maboti yanarudi alfajiri, mimi video nyingi na kuhifadhi picha zangu mtandaoni nafanyia kwenye hizo hizo za usiku. Kwa hiyo Kigoma hii GB za usiku sio za kudharau kabisa, inategemea unaamka saa ngapi.

Kuna mtandao mmoja, jina naliacha, uliniudhi sana. Nilikuwa na bando la wiki limebaki nusu, nikajiunga tena lile lile mapema makusudi ili lililobaki liendelee, asubuhi nakuta la zamani limefutwa nimeachiwa jipya tu. Huduma kwa wateja wananiambia ndo utaratibu. Sio utaratibu. Kanuni za TCRA za 2021 zinasema ukinunua tena bando lile lile kabla muda haujaisha uniti zilizobaki ziendelee, zinasema upewe ujumbe ukitumia asilimia 75 na likiisha lote, na zinasema bando likiisha wasiendelee kukukata salio la kawaida bila wewe kukubali. Nililalamika, nikang'ang'ania, wakarudisha. Mtu akikwambia ndo utaratibu mtajie kanuni, utaona anavyobadilika. Na unaweza pia kumhamishia bando mtu mwingine wa mtandao huo huo, hii wengi hawaijui, siku za mbalamwezi ukiona GB zako zinakaribia kuoza mtumie mwanao aliyeko chuo.

Tuje kwenye hela, na hapa ndo mikongwe inamshinda mgeni. Bando unaweza kununua popote ukiwa umekaa, lakini kutoa hela unahitaji mtu mwenye keshi mbele yako. Mvuvi anayenishushia mzigo saa 12 asubuhi anataka laki tatu mkononi alipe vibarua na mafuta ya boti, hana muda wa kunisubiri nizunguke. Wakala wa M-Pesa pale Kibirizi unawakuta wengi na floti zao, yaani hela ya kuzungushia kazi, zinatosha kwa sababu mzunguko ni mkubwa, na wanawekewa hela kutwa nzima. HaloPesa wakala wapo ila ni wachache, na mwenye biashara hawezi kufunga floti kwenye laini ambayo wateja wanakuja mmoja mmoja, simlaumu. Hili sio kosa la huduma yenyewe, menyu ya HaloPesa ni nyepesi na haichanganyi. Ni kwamba M-Pesa ipo toka 2008, watu wakashazoea, na mazoea ya hela hayahami kwa sababu ya GB.

Mtu atasema siku hizi unatuma mtandao wowote kwenda wowote. Kweli, tena Tanzania tulitangulia wengi, mwaka 2014 Tigo na Airtel na Zantel walianza kutumiana, Voda wakaingia 2016. Lakini angalia makato kabla hujabonyeza namba ya siri, kutuma nje ya mtandao halafu mwenzio akatoe kwa wakala, hela inaliwa mara mbili njiani, na kwenye biashara ya faida ndogo kama dagaa hiyo inaonekana mwisho wa mwezi. Halotel wakitaka watu wa mwaloni wahame na hela zao, wasiongeze GB, waweke wakala wakuu Kibirizi na Ujiji wa kugawa floti alfajiri. Hapo mimi nitakuwa wa kwanza kuhama.

Dakika za kupiga siongei sana, sioni tofauti kubwa tena. Zamani tulibeba laini tatu kwa sababu kupiga mtandao mwingine ilikuwa ghali, gharama ya kampuni kulipana ilikuwa shilingi 34.92 kwa dakika mwaka 2013, ikashushwa mpaka 15.60 mwaka 2018 na ikaendelea kushuka, ndo maana mabando ya mitandao yote yamejaa. Chukua ya mitandao yote basi, yale ya mtandao kwa mtandao waachie wapenzi.

Anayetaka kuhama kabisa asibadili namba, huduma ya kuhama na namba yako ipo toka Machi 2017, unaenda kwa mtandao unaohamia na kitambulisho chako. Ila kabla hujaenda toa hela zote kwenye simu na lipa madeni ya salio uliyokopa, kwa sababu hela na vocha havihami na namba. Na ukishasajili laini mpya kwa alama za vidole piga *106# uone laini zote zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA, ukikuta usiyoijua nenda ikafutwe.

Kuhusu minara, usimuulize mtu wa mjini. Hapa Mwanga, Gungu na Katubuka mitandao yote minne inashika vizuri, ugomvi unaanzia ukiwa kwenye boti kuelekea vijiji vya kaskazini, ile milima imeingia mpaka majini na mnara ukiwa nyuma ya mlima ndo basi. Kila kijiji kina mfalme wake, kwa hiyo uliza mtu anayelala huko, au nenda na laini mbili. Na angalia simu yenyewe. Voda walipata masafa ya mawimbi ya 700 MHz kwenye mnada wa TCRA wa 2018, masafa ya chini yanafika mbali kuliko ya juu, lakini kama simu yako haiyapokei utakaa unaona H+, ile intaneti ya taratibu, wakati mwenzio pembeni ana 4G kwa laini ile ile, utalaumu mtandao bure. Kwenye sifa za simu tafuta Band 28, ndo hayo masafa ya 700, kabla hujalipa.

Mwisho kwa ndugu zangu wa Manyovu na Kagunga, nyie mnanunua bando la Tanzania halafu simu inakamata mnara wa Burundi bila kuwauliza, unaona tu meseji ya kukaribishwa Burundi nawe umekaa kwako. Tena Lumitel ya kule ni ya Viettel hao hao wenye Halotel, lakini msidhani kwa sababu mwenye mali ni mmoja bando la huku litafanya kazi kule, ni kampuni mbili na bei mbili. Ingia mipangilio ya simu, zima data ya ugenini (data roaming), halafu kwenye kuchagua mtandao toa otomatiki uchague mwenyewe mtandao wako wa Tanzania. Simu ikihangaika kutafuta, sogea upande wenye mnara wetu ndo upige. Ukiwasha tena otomatiki kwa bahati mbaya itarudi kule kule, kwa hiyo kila ukizima na kuwasha simu angalia jina lililoandikwa pale juu kabla hujafungua wasap.