Pistoni ya presi kwenye mashine ya boti: pistoni naisamehe, duka sirudi

Nianze na duka, maana hasira yenyewe iko huko. Kuhusu pistoni, kile kipande kinachopanda na kushuka ndani ya silinda, nitasema, na nitajitahidi kutenda haki, lakini lile duka la spea za mashine za boti, lenye karakana ya kuchonga silinda kwa nyuma, mimi sikanyagi tena. Jina silitaji. Wenye boti wa Kirumba, hapa Mwanza, wakifika sehemu ya yule kijana wa kaunta watalijua wenyewe.

Nina boti mbili za dagaa kwenye Ziwa Victoria. Zote zinasukumwa na mashine ya aina moja, tu-stroku ya silinda mbili, inayochoma petroli iliyochanganywa na oili, zile ambazo ukisimama sokoni Mwaloni alfajiri unazisikia kabla hujaziona. Nguvu zake na uzito wake vimeandikwa kila mahali, sitavirudia. Ninachojua mimi ni kwamba nimetumia pistoni za aina mbili kwenye ziwa hilihili, kwa petroli ya vituo hivihivi, na manahodha walewale wasioambilika.

Aina ya kwanza ni ya kawaida, ya kumimina: alumini inayeyushwa, inamiminwa kwenye kalibu, ikishapoa inachongwa. Ndiyo mashine hizi huja nayo kutoka kiwandani. Aina ya pili ni ya kufuliwa, mimi naiita ya presi kwa sababu donge la alumini linagandamizwa kwa nguvu kubwa mpaka linakubali umbo. Kwangu bei ilikuwa kama mara mbili. Muuzaji atakuapia kwamba ndizo wanazoweka wale wanaoshindana kwa pikipiki za magurudumu manne kwenye michanga huko Marekani, na hapo hakudanganyi. Ila wale jamaa mashine zao wanazifungua kuzikagua kila wakipata nafasi, na hakuna hata mmoja wao anayewahi mnada wa dagaa.

Nilihama kwa sababu ya kumimina ilinitia hasara ambayo sijaimaliza. Masika moja, mwaka juzi kama si ule wa kabla yake, boti ya pili ilikuwa inatoka kisiwani Kome ikanyonya magugu maji. Matundu ya kuingizia maji yakaziba, mashine ikachemka, na kabla nahodha hajashtuka sketi ya pistoni, yaani ubavu wake wa chini, ilishapasuka. Hizi za kumimina zina silikoni nyingi ndani ya alumini, asilimia 11 mpaka 18 hivi kutegemea aina. Silikoni ndiyo inayozifanya zisitanuke sana na zisilike upesi, na hiyohiyo ndiyo inayozifanya ziwe kama kigae: hazipindi, zinapasuka. Na kwenye tu-stroku, kitu kikivunjika chini ya pistoni ujue mashine nzima imeingia matatani. Hewa na petroli hupita kwanza kwenye boksi la krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, ndipo vipandishwe juu, kwa hiyo vipande vya sketi vilisagwa na krenki, vingine vikabebwa na mkondo mpaka juu ya pistoni vikaenda kugonga kichwa cha silinda. Krenki, konrodi inayoiunganisha na pistoni, beringi, vyote nikanunua upya. Hela ile ingenipa nyavu na taa za sola za boti nzima.

Kwa hiyo niliposikia kuna pistoni ambayo ikizidiwa inapinda na kukwaruzika badala ya kumwagika vipande, nilitoa hela.

Sasa kaunta. Kijana alikuwa ameshafungua boksi, pistoni anazo mkononi, anazigonganisha ili nisikie zinavyolia. Nikamwambia, "Mwanangu, humo ndani kuna karatasi ya vipimo, nipatie." Akasema karatasi wanatupa, wateja hawazisomi. Nikamwambia mimi nasoma. Akageukia wenzake: "Oneni, mzee anataka kusoma pistoni." Wakacheka. Mimi ni mtu mzima, nikameza. Nikamweleza taratibu kwamba za presi hazichongewi nafasi sawa na za kumimina kati ya pistoni na silinda, amwandikie hivyo mchongaji. Akanijibu, bila hata kuniangalia, neno ambalo mpaka leo nikinawa uso asubuhi linanirudia:

"Pistoni ni pistoni, mzee."

Pistoni ni pistoni! Mtu anakaa kwenye duka la spea kutwa nzima, anakula kwa spea, anavaa kwa spea, halafu anasema pistoni ni pistoni. Nguo ni nguo basi, angekuja kazini na kitenge cha mama yake.

Nieleze ambacho hakutaka kusikia. Alumini ikipata moto hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha ukuta wa silinda. Hiyo ni kwa pistoni yoyote. Sasa pistoni nyingi za presi zinatengenezwa kwa alumini yenye silikoni kidogo mno, haifiki asilimia 1, na huko ndiko zinakopata ule uvumilivu wa kupinda bila kupasuka. Ziko pia za presi zenye silikoni ya asilimia 12 hivi, hizo hutanuka kwa adabu kidogo; zangu hazikuwa hizo. Silikoni ikipungua, kutanuka kunazidi, na lazima uache nafasi kubwa zaidi kati ya pistoni na silinda. Kwenye silinda ya milimita 80, ya kumimina hukaa kwenye 0.06 au 0.07 ya milimita. Ya presi inaweza kutaka 0.10 na kupita, kufuatana na karatasi ya aliyeitengeneza. Karatasi ile ile waliyotupa. Kwa macho huoni tofauti, ndiyo maana watu wakatengeneza maikromita, kifaa cha kupimia vitu vidogo hivyo.

Nilizunguka nyuma nikamkuta mchongaji, mtu mzima mwenzangu, mpole. Nikamweleza. Akasema, "Nimekuelewa, bwana, lakini hapa nachonga nilichoandikiwa." Alichoandikiwa ni saizi ya kawaida. Nikarudi kaunta, kijana akaninyooshea kiganja nisubiri, anahudumia mtu wa plagi. Nikasubiri mpaka adhana ya adhuhuri. Aliponigeukia, bloku lilikuwa limeshachongwa, limeoshwa, limewekwa juu ya kaunta na risiti juu yake. Nikataka lipimwe mbele yangu. Maikromita, akasema, imeazimwa. Lakini nafasi wameongeza, kama nilivyotaka. Akaapa. Aliapa kwa mama yake mzazi, na mimi mtu akiapa kwa mama huwa nanyamaza.

Wakanipa na fundi wao aje kufunga. Huyo naye, bila kuniuliza, akanyofoa themostati akaitia mfukoni. Mafundi wetu wana ugonjwa huu tangu kwenye magari: kitu cha kwanza kutoa ni themostati, eti nchi ya joto haihitaji. Kwenye mashine ya boti themostati inazuia maji ya ziwa yasizunguke kwa kasi mpaka silinda ipate joto. Ukiitoa, silinda inabaki baridi muda wote huku pistoni ndani yake inachomwa moto na kutanuka. Nafasi inafungwa kutoka upande mmoja. Kwa pistoni ya kumimina unaweza ukaponea. Kwa ya presi, iliyochongewa nafasi ya kumimina, na themostati hakuna, hiyo ni mtego umeshategwa, unasubiri tu mtu avute kamba.

Kamba ikavutwa kwenye giza la mwezi uleule. Mnaovua dagaa mnajua: taa zinawashwa usiku, mashine inazimwa, inakaa saa nyingi inapigwa na baridi ya ziwa. Karibu na alfajiri nyavu zinapandishwa, na hapo kila boti inataka kufika Mwaloni ya kwanza, kwa sababu bei ya wa kwanza si bei ya wa mwisho. Nahodha akavuta kamba, ikawaka, akafungua mafuta yote. Hawakwenda mbali. Mashine ikalia kwa sauti nyembamba, ikazima, kamba haivutiki. Nikapigiwa simu: "Tajiri, imeshika." Wakapiga kasia mpaka wakapata wa kuwavuta. Walipofika jua limeshawaka, dagaa wamelegea, wanunuzi wananishika bega kwa huruma huku wanataja bei ya chakula cha kuku.

Tulipofungua, kila pistoni ilikuwa na michubuko minne kwenye sketi, pande nne. Fundi anayejua kazi akiona hiyo haulizi swali la pili: imeshika ikiwa baridi, nafasi ndogo. Na hapo, pamoja na hasira zote, nikaona jambo lililonifunga mdomo. Hakuna kipande kilichovunjika. Krenki nzima, konrodi nzima, beringi hazina hata mchanga wa alumini. Ilivyopoa, mashine ilizunguka yenyewe kwa mkono. Ingekuwa ya kumimina imechongewa vibaya kiasi hicho, sina hakika ningeona hivyo. Kwa hiyo wanaosema pistoni za presi ni uhuni wa mjini, mimi siwaungi mkono, na nasema hivyo nikiwa bado na madeni yake.

Nikazirudisha dukani. Ukutani pana lile tangazo, Bidhaa Iliyouzwa Hairudishwi, na kijana akanionyesha kwa kidole kabla sijafungua mdomo. Nikamwambia sikuja kurudisha, nimekuja mpime silinda mliyochonga. Maikromita bado imeazimwa. Akasema vijana wangu hawajui kuendesha. Kisha akamalizia: "Ulitaka cha Marekani, umepata cha Marekani." Nilikuwa na pistoni mkononi, nzito ya kutosha. Nashukuru Mungu mchongaji alitoka nyuma kwa wakati ule, akanisalimia kwa heshima, mkono ukashuka.

Nilimpata mchongaji mwingine, kijana mdogo, kwenye kibanda ambacho ungepita usikione. Huyu alikataa kugusa bloku mpaka nimletee pistoni yenyewe na karatasi yake. Nikaagiza nyingine, ovasaizi, yaani kubwa kidogo kuliko za mwanzo, kwa mtu mwingine, na karatasi ikaja. Akapima pistoni chini kwenye sketi, upande unaokatana na pini ya konrodi, siyo juu kwenye ringi kama wengi wanavyofanya, maana juu ni nyembamba kwa makusudi. Akapima silinda juu, katikati na chini. Akachonga, akapima tena, akaniita nisome namba mimi mwenyewe. Machozi yalinilengalenga, sijui kwa nini. Themostati nikanunua mpya, na mshale wa juu ya pistoni nikahakikisha umeelekea tundu la moshi.

Sasa inaendaje? Vizuri mno, na inakera. Ikiwa baridi inagonga, ka-ka-ka, kwa sababu pistoni inacheza ndani ya nafasi yake mpaka itanuke. Nahodha siku ya kwanza aliizima akitaka kurudi nchi kavu, akijua imekufa tena. Ikipata moto inanyamaza. Mafuta ya mwanzo tulichanganya mazito, oili mililita 800 kwa lita 20 za petroli, baadaye tukashuka kwenye 400 za kila siku. Kwa kipimo, siyo kwa kukadiria na chupa ya soda. Kasi ya mwisho sikuona tofauti yoyote na boti ya kwanza, na anayekwambia utaona, mwulize anauza duka gani.

Kasheshe ni kuipasha moto. Inataka dakika kadhaa za taratibu kabla ya kufunguliwa. Nani atamshikilia nahodha wa dagaa dakika hizo, alfajiri, wakati boti ya jirani inampita na wenzake wanampigia miluzi? Boti ya kwanza yenye za kumimina anaiwasha na kuondoka, haigongi, hailalamiki, ringi nimebadilisha mara moja tu. Nikiiangalia hivyo nasema za kumimina zinatosha kabisa na hela yangu nimeitupa. Kisha nakumbuka zile krenki na konrodi za masika, na magugu bado yapo, yanahama na upepo, na nasema heri mashine inayogonga kuliko inayomwagika vipande katikati ya maji na vijana wangu ndani yake.

Kwa mwenye boti ya abiria au mizigo, ambaye mashine yake inakuwa na joto muda mwingi na nahodha wake anasikia la mtu, weka za presi. Kwa wa dagaa, weka za kumimina. Wiki iliyopita nilikuwa namshauri mtu wa Igombe hivyohivyo, wa dagaa kama mimi, na nikajikuta nampa namba ya yule aliyeniagizia za presi.

Boti ya kwanza inakaribia kufunguliwa na bado sijaamua. Tatizo jingine, yule kijana mwenye kibanda amehamia Geita, kuna kazi nzuri kwenye mitambo ya migodi. Kama kuna mtu wa Bukoba anayemjua mchongaji ambaye maikromita yake haiazimwi, aseme. Bloku nalipakia kwenye meli ya New Victoria na mimi mwenyewe nakaa juu yake.